Pauni Milioni 50, Wanafunzi 900

Februari 2000, David Blunkett, wakati huo Waziri wa Elimu na Ajira wa Uingereza, alihutubia katika Chuo Kikuu cha Greenwich jijini London na kutangaza jambo kubwa: nchi yake itaanzisha chuo kikuu cha mtandaoni, kitakachokusanya kozi za vyuo vyake bora na kuziuza kwa wanafunzi wa dunia nzima. Serikali ikatenga pauni milioni 62. Kampuni ikaundwa, ikaitwa UK eUniversities Worldwide, na watu wakaizoea kwa kifupi chake, UKeU. Nusu ya kwanza ya 2004 haikuisha kabla Baraza la Ufadhili wa Elimu ya Juu la England, lililokuwa limekabidhiwa fedha zile, halijaamua kuifunga. Pauni milioni 50 zilikuwa zimeshatumika. Wanafunzi waliokuwa wamepatikana ni 900.

Gawanya mwenyewe. Zinakuja zaidi ya pauni 55,000 kwa kila mwanafunzi, fedha za walipa kodi, kwa kozi ambazo vyuo vyenyewe vilikuwa vikizifundisha kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Mkasa huu unastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, na kusimuliwa taratibu, kwa sababu mipango mingi inayoandikwa leo katika vyuo vya Afrika Mashariki inaanza kama ulivyoanza ule. Inaanza na mfumo. Tutanunua mfumo, tutajenga jukwaa, tutaunganisha vyuo vyote. Mwanafunzi anatajwa ukurasa wa tisa.

Kilichoisukuma Uingereza ni hofu. Mwanzoni mwa 2000 bei za hisa za kampuni za intaneti zilikuwa juu kupita kiasi, na Wamarekani walikuwa wameanza kuingiza fedha nyingi katika elimu ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilianzisha kampuni iitwayo Fathom mwaka huohuo, na London School of Economics ikawa miongoni mwa washirika wake. Chuo Kikuu cha New York nacho kilikuwa na kampuni yake. Waingereza wakajiona wanaachwa. Ukweli ni kwamba dalili mbaya zilijitokeza mapema: kampuni ya Chuo Kikuu cha New York ilitangaza kufunga mwaka 2001, na Fathom ikafuata 2003, mwaka uleule ambao UKeU ndiyo kwanza ilikuwa ikifungua kozi zake. Waliokuwa wakikimbizwa walikuwa wamekwisha kuanguka njiani, na mkimbizaji hakupunguza mwendo.

Namna kazi ilivyofanywa ndiyo yenye funzo, kwa hiyo nitakaa hapo.

Jambo la kwanza kujengwa lilikuwa jukwaa la kujifunzia. Majukwaa yalikuwapo tayari. WebCT na Blackboard yalikuwa yakitumika katika vyuo vingi tangu miaka ya 1990, na Agosti 2002 Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo la kwanza la Moodle, programu huria ambayo chuo chochote kingeweza kuichukua bila kulipa. UKeU iliona hayo hayatoshi kwa mwanafunzi wa kimataifa, ikaingia ubia na Sun Microsystems na kujenga la kwake. Ilitarajiwa sekta binafsi ichangie sehemu kubwa ya mtaji. Aliyejitokeza kwa uzito ni Sun pekee. Wawekezaji wengine walitazama, wakapiga hesabu, wakanyamaza. Kunyamaza kwao kulikuwa taarifa muhimu kuliko ripoti yoyote ya washauri, lakini hakukusomwa hivyo.

Wakati jukwaa linajengwa, kozi nazo zilikuwa zinaandikwa. Walimu wa vyuo washirika waliandaa masomo kwa ajili ya chombo ambacho hakijakamilika, ambacho hawajakigusa. Kozi za mwanzo zilitoka York, Sheffield Hallam, na Cambridge ikishirikiana na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Ni vyuo vyenye majina, na walimu wake walikuwa watu wazito. Hakuna ushahidi kwamba masomo yao yalikuwa mabaya. Waliojenga jukwaa nao walizingatia viwango vya kimataifa vya kubadilishana maudhui ya masomo. Hilo linaniuma zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba kazi nzuri ya watu wengi inaweza kupotea yote ikiwa swali moja la mwanzo limerukwa.

Swali lenyewe lilikuwa hili: ni nani hasa anataka kusoma kwa njia hii, anataka kusoma nini, na yuko tayari kulipa kiasi gani? Kamati ya Bunge ya Elimu na Stadi, chini ya uenyekiti wa Barry Sheerman, iliuchunguza mkasa na kutoa ripoti yake Machi 2005. Ilibainisha kwamba utafiti wa soko haukufanywa ipasavyo, na kwamba mradi mzima uliongozwa na nia ya kutoa bidhaa badala ya mahitaji ya wasomaji. Ilibainisha pia kwamba wanafunzi wengi walipendelea kuchanganya, kusoma mtandaoni na kukutana na mwalimu ana kwa ana, lakini UKeU iling'ang'ania mtandao mtupu. Lengo la awamu ya kwanza lilikuwa wanafunzi 5,600. Kamati ikashutumu vikali pia bonasi walizolipwa wakubwa wa kampuni wakati malengo yanaporomoka. Ukumbi ulipambwa kabla ya kuulizwa kama kuna harusi, na waliopamba wakalipwa.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba elimu ya mtandaoni haifai. Hawako sahihi. Mwaka 2001, wakati UKeU inasaini mikataba, Massachusetts Institute of Technology ilitangaza kwamba itaweka mtandaoni vitu vya kufundishia vya karibu kozi zake zote, bure, bila kutoa shahada wala kudai ada. Ilianza na kozi 50 mwaka 2002. Kufikia 2007 zilikuwa kama 1,800. Haikumwahidi mtu chuo kikuu kipya. Ilichukua kilichokuwapo, ikakipanga kwa muundo mmoja unaoeleweka, ikakifungua. Mhadhiri wa fizikia popote pale angeweza kuona mtaala, orodha ya mihadhara, maswali ya mazoezi na mtihani, vyote mahali pamoja.

Katika ukanda wetu, funzo hilihili tulilipata kwa njia yetu wenyewe, na ajabu ni kwamba halizungumzwi. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilianzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997, makao yake yakiwa Washington. Mihadhara ilirekodiwa au kutolewa moja kwa moja katika vyuo vya ng'ambo, ikarushwa kwa setilaiti, ikapokelewa kwenye vituo ndani ya vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa kimojawapo. Wanafunzi walikaa mbele ya skrini, na swali likiwapo lilipigwa kwa simu au kutumwa kwa barua pepe. Setilaiti ilikuwa ghali. Saa za Marekani na saa za Nairobi hazikupatana. Kubwa kuliko yote, kozi hazikuwa sehemu ya mtaala wa vyuo vyenyewe, kwa hiyo mwanafunzi angeweza kukaa muhula mzima, akasikiliza vizuri, asipate kitu kinachohesabika kuelekea shahada yake.

Mwaka 2002 makao yalihamia Nairobi. Mwaka uliofuata kikawa shirika la kiserikali lenye mkataba uliotiwa saini na Kenya, Senegal, Mali, Mauritania na Côte d'Ivoire. Mabadiliko ya maana yalikuja baadaye, katika mradi wa mafunzo ya ualimu uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Safari hii walianza na meza. Wahadhiri wa vyuo 12 kutoka nchi 10, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, walikaa pamoja kukubaliana mwalimu wa hisabati, fizikia, kemia au biolojia anapaswa kujua nini. Wakaandika moduli 73, kila moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kwa mpangilio mmoja: malengo, muda, vinavyohitajika kabla ya kuanza, shughuli za kujifunza, tathmini. Mwaka 2011 zikafunguliwa kwa yeyote kuzitumia. Chuo kilichozitaka kilizichukua na kuziingiza katika mtaala wake, kwa idhini ya seneti yake. Hakuna setilaiti iliyohitajika.

Awamu ya kwanza na ya pili zilikuwa za shirika moja. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Turudi Uingereza, maana kuna sura ya pili ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2005, mwaka uleule wa ripoti ya Bunge, kundi dogo la wataalamu lililofadhiliwa na JISC, taasisi inayohudumia vyuo vya huko katika mambo ya teknolojia, lilianza kazi isiyo na mvuto wowote kwa magazeti. Walipitia tovuti na vitabu vya matangazo vya vyuo vingi wakiuliza: chuo kinapotangaza kozi, kinasema nini? Kutokana na majibu wakatunga muundo wa faili uitwao XCRI, ili taarifa za kozi ziandikwe mara moja na zisomwe na kompyuta ya mtu yeyote anayezihitaji.

Undani wake ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutimiza. Faili inaanza na katalogi. Ndani yake kuna chuo. Chini ya chuo kuna kozi, yenye jina, maelezo, sifa za kujiunga na tuzo inayotolewa. Kisha, chini ya kozi, kuna kila mkupuo wa kufundishwa kwake: unaanza lini, wapi, asubuhi au jioni, darasani au kwa masafa, kwa ada gani. Kutenganisha kozi na mkupuo wake ndiyo akili ya muundo ule. Stashahada moja ya uhasibu yaweza kufundishwa mchana kuanzia Septemba na jioni kuanzia Januari, kwa ada tofauti, katika kampasi mbili. Ofisi nyingi za udahili huziandika kama kozi mbili, au huzichanganya kuwa moja, na hapo ndipo mwombaji anapopotea.

Tumchukue mwalimu wa sekondari wa Morogoro anayetaka shahada ya uzamili huku akiendelea kufundisha. Anachohitaji kujua hakizidi mambo sita: sifa zake zinatosha, ada ni kiasi gani kwa jumla, masomo yanachukua muda gani, yanaanza lini, atalazimika kusafiri mara ngapi, na mwajiri wake ataitambua shahada. Akifungua tovuti tatu, ya kwanza itamwambia ada ya mwaka, ya pili ada ya somo moja, ya tatu itampa kiungo cha faili la miaka miwili iliyopita. Muda utaandikwa miezi 18 huku, mihula mitatu kule. Kwingine atakuta namba ya simu, apige asubuhi hadi saa sita. Anaishia kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzake, na uamuzi wa mamilioni ya shilingi unafanywa kwa jibu la mtu aliyesoma pale zamani.

Muundo ule ulikubaliwa. Ulaya ilipitisha kiwango chake cha taarifa za fursa za kujifunza, EN 15982, na XCRI ukawa kiwango rasmi cha Uingereza, BS 8581, mwaka 2012. Kati ya 2011 na 2013 JISC ilitoa fedha kwa vyuo kadhaa ili vitayarishe mafaili yao. Hapo wakagundua jambo ambalo kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya Msajili analijua. Kuandika programu ya kutoa faili ilikuwa kazi ya siku chache. Kuipata taarifa yenyewe ilikuwa kazi ya miezi. Ada iko kwa mhasibu, katika jedwali lake la Excel. Sifa za kujiunga ziko kwa mkuu wa kitivo, na zilibadilishwa kikao kilichopita. Maelezo mazuri ya kozi yako idara ya masoko, ambayo haikuambiwa kuhusu mabadiliko. Tovuti inatunzwa na kijana wa TEHAMA anayebandika chochote anachotumiwa. Kila mmoja ana ukweli wake, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema huu ndio wa chuo.

UKeU ilikuwa na mamilioni, haikuwa na swali. XCRI ulikuwa na swali, ukafika mlangoni mwa vyuo na kukuta hakuna mwenye nyumba. Kwa maoni yangu visa hivi viwili havitengani. Chuo kisichojua ni nani mwenye taarifa za kozi zake hakiwezi kujua ni nani anayezihitaji, na kikipewa fedha kitanunua chombo, kwa sababu kununua ndiyo kazi pekee isiyohitaji idara nne kukubaliana.

Kwetu suala hili limekuwa la haraka. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ndilo lenye jukumu la kuoanisha sifa na mitaala. Katika karatasi, mwanafunzi anaweza kuanza Dodoma na kumalizia Kampala. Katika hesabu, si rahisi hivyo. Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza kwa ujumla wake, darasani, maktaba na nyumbani, na shahada ya kwanza isipungue krediti 360. Uganda imezoea kupima krediti kwa saa 15 za kukutana na mwalimu katika muhula. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza akiwa na krediti 120 za Tanzania akihamia Uganda, mtu fulani ofisini atalazimika kukaa na kalamu na kukisia namba hiyo ina maana gani pale. Ulaya ililipitia hili: mwaka mmoja una krediti 60, kila moja kati ya saa 25 na 30, na mwenye krediti 120 za Uingereza huandikiwa 60 bila mjadala, kwa kuwa kipimo cha kubadilishia kiliwekwa wazi tangu mapema. Makubaliano ya kisiasa tunayo. Jedwali la kubadilishia, lililo mbele ya kila afisa udahili, ndilo linalopaswa kufuata.

Tanzania ina uzoefu wake wa mfumo wa pamoja. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianzisha udahili wa pamoja ili mwombaji mmoja asishike nafasi tatu huku mwenzake anakosa. Mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Kuna wanaotetea mfumo wa mwanzo na wanaotetea wa sasa. Mimi naona jambo moja limebaki palepale katika mifumo yote miwili: kila msimu TCU hutangaza majina ya waliodahiliwa chuo zaidi ya kimoja, nao hutakiwa kuthibitisha kimoja, na kazi hiyo haiwezekani bila vyuo kupeleka taarifa zao sehemu moja, kwa muundo mmoja, kwa wakati. Kubadilisha mfumo hakukuondoa haja ya taarifa safi.

Na taarifa hizo, kwa sehemu kubwa, tunazo. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili wenye majedwali ya kila chuo: msimbo wa programu, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi, muda wa masomo. Ni kazi kubwa na ya heshima. Wahitimu wa kidato cha sita wanaupitia kwenye simu, ukurasa baada ya ukurasa, wakikuza maandishi kwa vidole viwili. Majedwali yale yamefungwa ndani ya faili la PDF. Mtu anayetaka kutengeneza programu ya simu ya kumsaidia binti wa Songea kulinganisha programu za ualimu wa sayansi analazimika kuyanakili kwa mkono, na chuo kikisahihisha sifa mwezi unaofuata, nakala yake inakuwa ya uongo bila yeye kujua.

Kuyatoa majedwali hayohayo katika faili ambalo kompyuta inalisoma, lenye tarehe ya kila marekebisho, hakuhitaji zabuni ya jukwaa jipya. Kunahitaji kila chuo kimtaje kwa jina afisa mmoja anayeidhinisha taarifa za kozi, na mhasibu, mkuu wa kitivo na watu wa masoko wapeleke mabadiliko yao kwake kabla ya kwenda kwingine kokote. Kunahitaji pia waombaji wachache, walimu kama yule wa Morogoro, waitwe waonyeshwe faili hilo na kuulizwa kinachokosekana kabla halijatangazwa. Dirisha la udahili kwa kawaida hufunguliwa Julai. Vikao vya bajeti hukaa mapema zaidi ya hapo, na ndani ya vikao hivyo ndimo wafanyabiashara wa mifumo wanapopewa nusu saa ya kuonyesha bidhaa zao. Nusu saa hiyo apewe kwanza huyo afisa, aje na faili la kozi za chuo chake kama lilivyo leo.